Nafasi Alizoacha Mkongwe

Ukitaka kumjua mtu, muuzie kitu kilichotumika. Mimi nauza spika na redio za mkono wa pili pale Kibuye, na kwa miaka yote hiyo nimejifunza watu kwa jinsi wanavyosimama mbele ya bidhaa, wanachoshika kwanza, na uongo gani wanaanza nao. Huyu ninayemsema hapa uongo wake ulikuwa kwamba anapita tu. Alipita hivyo hivyo kwa miaka kumi hivi, na kila akipita alikaa mpaka nifunge.

Tulimwita Mkongwe. Alianza kuitwa hivyo kabla hajaota hata mvi moja, kwa sababu katika rap ya Kisumu ukidumu kuliko viatu ulivyovaa kwenye picha yako ya kwanza, tayari wewe ni mzee wa kazi. Mvi zilipokuja zilikuta jina limeshapanga nyumba. Tangu ahamie Muhoroni kwa binti yake, Kibuye imebaki na kelele zake za kawaida, na mimi nimebaki na albamu yake kwenye flashi. Albamu hiyo watu waliielewa vibaya. Nasema hivi nikiwa nimeisikiliza kuliko mtu yeyote mjini, na si kwa mapenzi: ndiyo niliyokuwa napimia spika.

Siku ya kwanza alishika spika moja nyeusi, akaigonga mgongoni kama daktari.

"Hii ngapi?"

"Elfu nne na nusu."

"Inaimba au inakohoa?"

"Mzee, hii imetoka Ujapani."

"Nimeuliza habari ya kifua. Sijauliza pasipoti."

Nilijua hapohapo kwamba huyu hatanunua leo, na kwamba nitafurahi. Nikamwekea wimbo aisikilize. Akakataa. Muziki hudanganya, alisema. Spika mbovu ikipewa muziki mzuri inavaa suti. Akaniambia nitafute stesheni ya Kiluo inayosoma matangazo ya vifo. Tukasimama pale wawili, katikati ya soko, tukimsikiliza mama wa watu akitangazwa pamoja na watoto wake, wakwe zake, na wajukuu waliotapakaa kutoka Homa Bay hadi Mombasa. Mkongwe alifunga macho.

"Nikisikia jina la kila mjukuu vizuri," alisema, "spika ni nzima. Jina likimezwa, hiyo rudisha Ujapani."

Mpaka leo napima hivyo.

Nguo zake zilikuwa za mtu anayetarajia kuitwa jukwaani wakati wowote na hajaitwa. Koti la jinzi lenye kola iliyochakaa, kofia iliyogeuzwa kidogo tu, si kama vijana wanaoigeuza mpaka nyuma, na viatu vilivyopigwa rangi hata siku za matope. Alikula kichwa cha samaki tu. Mwili aliwaachia wengine. Nilidhani ni unyenyekevu mpaka nikaona jinsi anavyokifyonza kile kichwa kwa nusu saa huku sisi wenye minofu tumeshanawa mikono.

Hakupenda kelele. Hilo liliwachekesha watu sana, rapa asiyependa kelele. Akifika kibandani kwangu kitu cha kwanza alishusha sauti. Nilimwambia spika zisipopigwa kwa nguvu hakuna mteja atakayegeuka. Akajibu kwamba mteja anayegeuzwa kwa nguvu hurudi kudai pesa zake. Kwenye jambo hili tulibishana bila mshindi, na mauzo yangu, niliyoyahesabu mara mbili, hayakusema yuko upande gani.

Alihubiri habari ya kufika kwa wakati na yeye hakuwahi kufika kwa wakati mahali popote. Sababu ilikuwa moja. Hakuweza kumsalimu mtu nusunusu. Ukimwambia jina lako moja alingoja la pili. Ukimpa la pili aliuliza mama yako anaitwa nani, na ukimtajia mama yako alilirudia jina lile polepole, kana kwamba anaonja chumvi kwenye mboga. Kutoka Kondele hadi Kibuye mtu mwenye miguu mizima hatumii muda mwingi. Yeye aliweza kuondoka asubuhi akafika chai ya saa kumi imeshamiminwa.

Kanisani kwao aliimba besi. Walimwonya kwa kuongeza maneno yasiyo kwenye kitabu. Wakamwonya tena. Alipoulizwa na mzee wa kanisa kwa nini hawezi kuimba kama wenzake, alijibu kwamba kuna mahali katika wimbo ambapo Mungu anangoja usikie umeitwa wewe, na wenzake wanapita hapo kama abiria waliolala. Wakamwacha. Nadhani hawakumwelewa, ila besi zilikuwa chache.

Sasa, kuna miaka ambayo hakurekodi chochote. Mashabiki wa zamani walisema amemalizika. Walioona mbali kidogo walisema anapumzika. Ukweli ni kwamba alikuwa MC wa harusi na mazishi, kutoka Awasi mpaka Maseno, kila Jumamosi iliyoumbwa. Nilimkodishia spika mara kadhaa nikaenda kuzilinda mwenyewe, maana spika zikienda matanga peke yao hurudi na ndugu zao wamepungua. Kwa hiyo nilimwona akifanya kazi.

Kule Awasi kulikuwa na harusi ya watu wenye uwezo, na kamati imepanga kila kitu kwa saa. Mkongwe akiwa na kipaza sauti mkononi aliona mzee mmoja amekaa nyuma ya hema, karibu na masufuria, amevaa tai, hajatajwa. Alikuwa mjomba wa bwana harusi, yule aliyemlipia mtoto karo, kisha mambo yake yakaharibika na watu wakamsogeza nyuma kidogo kidogo mpaka akafika kwenye masufuria. Mkongwe akasimamisha ratiba. Akashusha muziki, akapeleka kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe mpaka nyuma ya hema.

Mwenyekiti wa kamati akamfuata akihema. "Bwana MC, chakula kinapoa!"

"Chakula kitapashwa," Mkongwe akamwambia. "Huyu mzee akipoa, mtampasha na nini?"

Yule mjomba alisimama, akajisifu. Alijisifu kwa Kiluo kile cha zamani, akajiita majina ambayo hata watu wa kwao walikuwa wameyasahau, akamsifu dada yake aliyezaa bwana harusi, na alipomaliza kijana wa watu alikuwa analia kwenye keki. Kamati hawakumlipa Mkongwe yote waliyokubaliana. Hakudai.

Kisha ikaja albamu. Nyimbo tisa, baada ya kimya kirefu kiasi kwamba kuna vijana waliodhani Mkongwe ni jina la hoteli. Jaladani hapakuwa na picha yake. Palikuwa na viti vya plastiki, vile vya kukodi, vimepangwa mistari kwenye nyasi, havina mtu. Watu wakacheka hata kabla ya kusikiliza. Wakasema angalau ni mkweli, ametuonyesha mahudhurio.

Biti zilikuwa nzuri, mistari ilikuwa mizuri. Lakini katika kila wimbo, palepale unapongoja atoe neno la kukukata maini, ananyamaza. Biti inashuka, inabaki ngoma moja na gitaa la mbali, halafu hakuna kitu. Unahesabu mapigo. Hakuna kitu. Kisha anarudi na ubeti mwingine kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku ya uzinduzi, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, nafasi ya kwanza ya kimya ilipofika DJ aliingia chini ya meza kukagua waya. Watu wakapiga makofi ya huruma. Ya pili ilipofika, jamaa mmoja akapaza sauti, "Mpeni maji!" na ukumbi mzima ukamwonea Mkongwe huruma ile mbaya, ya kumwonea mtu mzima. Yeye alisimama jukwaani, kipaza sauti amekishusha kifuani, anawatazama. Nilikuwepo. Nilidhani anajaribu kukumbuka mistari.

Redioni ilikuwa vichekesho. Watangazaji wanaogopa kimya kama mimi ninavyoogopa askari wa kaunti, basi kila nafasi ilipofika waliijaza na salamu, na matangazo ya unga. Kuna wimbo mmoja wa albamu ile ambao watu wengi wa Kisumu wanaamini unahusu unga. Mwandishi mmoja wa Nairobi akaandika kwamba pumzi zimemwisha. Wengine mtandaoni wakabuni kwamba ni dakika za kimya kwa rafiki aliyekufa; Mkongwe akasema kama ni msiba angesema poleni. Vijana wakasema hajamaliza kuandika. Na mimi nilisema nini? Sikusema kitu. Mimi nilikuwa na hasara yangu.

Maana nikipima spika kwa albamu ile, nafasi ikifika mteja anashtuka. "Mama, hii kitu imekufa." Nikimwambia ni wimbo, ananitazama kama wanavyowatazama wauzaji wote wa Kibuye. Siku moja niliingia kwenye mabishano na mwalimu kutoka Maseno aliyeshika spika mbili za bei nzuri, tumeshakubaliana, mkono uko mfukoni, na nafasi ikafika.

"Imezimika," mwalimu akasema.

"Haijazimika, Mwalimu. Ni huyu mwimbaji. Alichoka."

"Mwimbaji hajachoka," sauti ikasema nyuma yangu. "Mwimbaji anapita tu."

Mwalimu aliona haya akaondoka, na spika zangu zikabaki. Nilimgeukia Mkongwe nikiwa na hasira ya kibiashara, ambayo ni hasira safi kabisa.

"Sasa niambie. Kwa nini unanyamaza? Unaniua."

Alikaa kwenye boksi la spika. Akaniuliza, "Nyar Seme, kwenu huko ohangla iko?"

Nyar Seme, yaani binti wa Seme, ndivyo alivyoniita siku zote. Nikamwambia ngoma hiyo yetu iko, tena kali.

"Mpigaji akishusha ngoma, watu hufanya nini?"

Mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa hili anajua. Ngoma ikishuka ni pakruok. Mtu anainuka, anaweka noti, anashika nafasi: mimi ni fulani, mwana wa fulani, mkwe wa fulani, mimi ndiye nilifanya hivi na vile, anajisifu, anamsifu mkewe, rafiki yake, anamchokoza jirani, na jirani akichokozwa sharti ajibu ngoma ikishuka tena. Mpigaji anangoja. Nusu ya muziki wenyewe ni hiyo. Na sisi wote, watu wazima tuliolipa noti zetu kwenye ohangla miaka nenda miaka rudi, tulikaa kwenye ukumbi ule mikono magotini, kwa sababu alikuwa anarap kwa Kiswahili na biti ilitoka kwenye kompyuta. Hakuna aliyefikiri kwamba anaulizwa.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niseme nini? Tafadhali jisifuni? Watafanya kwa heshima." Alitema lile neno. "Sitaki heshima. Mtu hajisifu kwa sababu ameruhusiwa, anajisifu kwa sababu jina limemjaa mwilini. Nataka hiyo."

"Lakini pakruok mtu hutoa pesa."

"Yangu nilifanya bure." Akacheka, kicheko chake kile cha kukohoa. "Hapo ndipo nilipokosea. Kitu cha bure watu wa Kisumu wanajua kimeharibika."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Kuapa hakunigharimu chochote siku hiyo.

Gharama ilikuja baadaye, sauti yake ilipoanza kuondoka. Kwanza ilikuwa asubuhi tu, kisha mchana. Hospitali wakamwambia koo lile halitabeba tena muziki, na hata maneno ayatumie kwa kupima. Kwa hiyo albamu ile ikawa ya mwisho bila kuulizwa. Na hapohapo prodyusa wake, kijana mpole mwenye studio Milimani, akaja na wazo. Atafute vijana wenye majina, kila mmoja ajaze nafasi moja kwa ubeti wake, albamu itoke upya. Ingesikika. Ingepigwa kila mahali. Kijana hakuwa na ubaya wowote. Alimpenda Mkongwe na alitaka kumsaidia.

Mkongwe alikuja kuniambia. Siku hizo tayari aliongea kwa mnong'ono, na ilibidi nizime kila kitu kibandani ili nimsikie.

"Nimempa mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi," alisema. "Kama hakuna hata mtu mmoja amejibu, mtu ambaye hakuambiwa, basi wajaze. Nyumba ambayo hakuna anayebisha hodi, waingie wapangaji."

"Mtu mmoja tu?"

"Mmoja."

Nilianza kuipiga albamu ile kutoka asubuhi hadi jioni. Jirani zangu walinichukia. Kila kilichosemwa ndani ya nafasi nilimpelekea, na tulipigana bei kwelikweli.

"Leo mtu amesema kitu."

"Amesema nini?"

"Ameuliza, 'Bei gani?'"

"Haihesabiwi."

"Mwingine ameimba."

"Ameimba nini?"

"Wimbo wa kanisa."

"Alikuwa anaimba kabla hajafika kwako?"

"...Kidogo."

"Nyar Seme."

Katika siku hizo ndipo nilipoisikia albamu kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeipiga mara nyingi zisizo na idadi. Wimbo wa tatu ni wa njia ya Muhoroni. Anasimulia mama akimsindikiza mwanawe anayekwenda kutafuta kazi, wanatembea pamoja mpaka trekta la miwa linapita, vumbi linawafunika, na likitulia mama amekwisha kugeuka, unaona kitambaa chake tu. Anasema, *sikumwita, nilidhani nitarudi.* Kisha biti inashuka. Ngoma moja, gitaa la mbali. Asubuhi moja, soko bado halijajaa, nafasi ile ilipofika nilijikuta nimetaja jina la mama yangu. La kwanza na la pili. Kwa sauti ndogo, ila nililitaja, na nikamwita kama alivyopenda kuitwa, mfalme wa kisima. Hakuna mtu amemwita hivyo tangu tumzike. Ngoma ilipopanda tena nilikuwa nimeshika waya mkononi na sijui nilikuwa nataka kuuchomeka wapi. Lakini mimi nilikuwa nimeambiwa. Mimi sikuhesabiwa.

Hiyo ndiyo maana ya albamu ile, kama kuna mwandishi wa Nairobi bado anataka kujua. Pumzi hazikuwa zimemwisha. Alikuwa ameamua kushika ngoma na kungoja, ili kila mtu amwite wake.

Mbele ya kibanda changu anauza omena, dagaa wa ziwani, Min Apiyo, mama wa pacha, mjane, mwenye mkono mwepesi wa kupima na ulimi mzito wa kusamehe. Rap aliiita kelele za wahuni. Miezi yote ile aliisikia albamu kwa lazima, kama unavyosikia mvua kwenye mabati. Sasa, Jumanne moja, siku zimebaki chache, wimbo wa nne ukafika kwenye nafasi. Min Apiyo alikuwa anapepeta omena kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi Min Apiyo," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "mke wa fundi wa mashua wa Dunga, yule ambaye maji yaliomba ruhusa kwake kabla ya kuingia!"

Akapuliza makapi, akaendelea kupepeta. Ngoma ikapanda.

Nilimpigia simu Mkongwe hapohapo.

"Ulimwambia," akanong'ona.

"Sikumwambia!"

"Nyar Seme. Wewe uliniuzia redio ukaniambia mwenyewe wa kwanza alikuwa padri."

"Alikuwa katekista. Si mbali."

Nimeuza maneno yangu kwa bei ya chini miaka yote, na siku niliyotaka mtu ayanunue kwa thamani yake, hakuna aliyetoa hata senti. Nikamwambia aje mwenyewe aone. Akasema atakuja Jumapili baada ya ibada. Kesho yake, Jumatatu, kijana wa Milimani angetaka jibu.

Jumapili Kibuye hufurika. Alifika amevaa koti lake, amekonda, akasalimu watu kwa kichwa tu, jambo lililowaumiza wote waliomjua. Akakaa kwenye boksi karibu na spika kubwa, mgongo kwa omena. Alinikataza kukonyeza, kukohoa, hata kusogea. Nikaweka wimbo wa kwanza.

Nafasi ikafika. Min Apiyo alikuwa anagombana na mteja juu ya gorogoro, kopo la kupimia, ambayo haikujaa. Wimbo wa pili, ameinama kufunga gunia. Wa tatu, amekwenda kuchukua uji. Wimbo wa nne, ule wa Jumanne, ulipofika kwenye nafasi, Min Apiyo alikuwa anakunywa uji ule, akautazama mvuke ukitoka kwenye kikombe, na hakusema neno.

Mkongwe alitazama viatu vyake. "Basi," alisema. Akatoa simu. Niliona akitafuta jina la kijana, polepole, kwa kidole kimoja. Nilitaka kupiga kelele. Niliuma kona ya leso yangu.

Wimbo wa tano ukashuka.

"Mimi Min Apiyo!" ikasikika ng'ambo. "Jirani wa Nyar Seme, anayeuza spika na uongo kwa bei moja!" Watu wakacheka. "Mke wa fundi wa Dunga, amelala lakini mashua zake bado zinaamka! Na huyu mzee aliyekalia boksi tangu watu watoke kanisani, hanunui, haondoki, anaitazama spika kama mtu aliyepeleka posa akasahaulika! Mzee wangu, na wewe una kwenu! Haya, jibu!"

Ngoma ikapanda juu ya vicheko. Lakini kila mtu pale, hata muuza viatu, hata mteja wa gorogoro, alijua kinachofuata. Mzee amechokozwa. Mzee atajibu ngoma ikishuka. Ubeti mzima ulipita na sehemu ile ya soko ikawa inaungoja upite. Mkongwe alikuwa amegeuka. Simu iko mkononi, imewaka, haitazamwi.

Ngoma ikashuka. Akasimama, akavua kofia.

"Mimi," alisema, na ile sauti ikatoka kama sufuria inayoburutwa kwenye kokoto, watu wakanyamaza ili waipate, "mimi ni mtoto wa mwanamke aliyechoma mahindi pale stendi ya—"

Na sauti yake mwenyewe, ile ya albamu, nene, nzima, yenye afya, ikaingia kwenye spika ikamfunika. Alibaki mdomo wazi. Midomo yake iliendelea kidogo, haikusikika, kisha ikaacha.

"Aaa!" Min Apiyo akaitupia spika yangu mkono. "Huyu mwimbaji naye! Hana adabu? Yawa, si angemwacha mzee amalize!"

Mkongwe alianza kutikisika mabega. Nilidhani anaanguka, nikamshika. Alikuwa anacheka, bila sauti hata kidogo, machozi yanashuka mpaka kwenye kola ya koti. Akainua simu, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Zisijazwe," alinong'ona. "Zirefushwe."

Kijana hakusikia. Nikaichukua simu, nikamwambia mimi: zisijazwe, zirefushwe. Nikarudia mara ya pili ili isiwe na mabishano.

"Wewe mtoto," Min Apiyo akaniita kutoka ng'ambo, mikono kiunoni, "rudisha nyuma hiyo kitu. Mzee hajamaliza."

Nikairudisha.